Mass Kubwa ya Alhamisi

Kiingereza changu ni cha kanisani na cha sokoni. Shule niliiachia darasa la tatu, si kwa ujinga. Mama alijifungua mapacha, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na mgongo wangu ukahitajika kubeba. Kwa hiyo maneno ya Kizungu niliyo nayo niliyaokota moja moja kama mtu anayeokota kuni, na kila neno nakumbuka nililiokotea wapi. Fadha. Sista. Kwaya. Na mass.

Mass ni misa. Sisi tulizaliwa Bondeni kwenye zile nyumba za kanso, za baraza la mji, baba akiwa mtu wa reli, na Jumapili hakuna aliyekuuliza kama utaenda kanisani. Uliulizwa tu, unaenda mass gani, ya kwanza ama ya pili? Ya kwanza ni ya wazee na watu wenye biashara zao. Ya pili ni ya vijana na wale wanaotaka nguo zao zionekane. Mpaka leo naenda ya kwanza, na sijawahi kusikia neno hilo likitumiwa kwa kitu kingine.

Neno la pili ninalotaka ulijue ni body. Wenye kusoma wanasema body ni mwili. Huko kwao, labda. Huku kwetu Nakuru mtu akifa jina lake linamtoka pamoja na pumzi. Jana alikuwa baba wa fulani, leo ni body. Body iko mochari gani? Body inatoka lini? Body ilale nyumbani ama ipitie kanisani? Katika maisha yangu yote sijasikia mtu akisema body ya mtu anayetembea kwa miguu yake.

Basi shika hayo mawili, mass na body. Ndiyo yaliyotaka kuniua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Tumbo langu lilianza kuvimba msimu wa mahindi mabichi. Nauza mboga soko la Rhonda, mrenda na saga na kunde, na jirani yangu wa kibanda anauza viazi. Mdomo wake hauna kifuniko. Siku moja niliinama kuokota fungu la kunde, nikainuka nikihema, akaniangalia tumbo, akapaza sauti soko lote lisikie.

"Wewe mama, hiyo ball ni ya nani?"

Ball huku kwetu ni mimba. Kwa Wazungu naambiwa ni mpira, lakini huku msichana hapigi ball, anaipata.

"Sema ukweli," akaendelea. "Ni ya yule mzee wa kunoa visu?"

"Ni ya bwanako," nikamjibu. "Kamuulize vizuri nyumbani."

Walicheka, nami nilicheka nao. Nilipocheka, kitu kikajigeuza ndani yangu polepole, kama mtu aliyelala akivutwa blanketi. Kuanzia siku hiyo nikawa nafunga leso mbili, moja juu ya nyingine, na mtu akiniuliza nasema ni baridi.

Leso haifichi kila kitu. Naishi na binti yangu, karani wa shule, na mtoto wake msichana anayesoma sekondari, ambaye ananiita kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu sisi watu wa magharibi. Binti yangu alianza kuniona nikiacha ugali. Tonge mbili, nimeshiba. Mimi! Mimi ambaye marehemu mume wangu alisema ananilisha kama treni ya makaa. Asubuhi moja akanikuta nashindwa kufunga viatu, akavifunga yeye, kisha akaniambia nivae sweta, tunaenda hospitali.

Huko waliniingiza chumba cha mashine, ile ya kuona ndani ya tumbo. Dada wa mashine alinipaka kitu cha utelezi, baridi kama tumbo la chura, akawa ananipitishia kidude mfano wa mtu anayepiga pasi. Mwanzoni alikuwa anaongea. Mama umetoka wapi? Huko kwenu mvua imenyesha? Halafu akanyamaza. Nimelea watoto na nimeuguza wazee. Namjua anayenyamaza kwa sababu hana neno, na namjua anayenyamaza kwa sababu analo.

Akatoka, akarudi na daktari. Wakaanza Kiingereza wao wawili na binti yangu. Kilipita juu ya kichwa changu kama wale ndege wa ziwani: unawaona wanapita, hujui wanaenda wapi. Kisha neno moja likashuka likatua juu yangu.

Mass.

Daktari alisema "big mass". Halafu akasema "Thursday", na Thursday naijua, ni Alhamisi. Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Daktari akamshika bega akamwambia kwa upole neno jingine ambalo pia naliokota kanisani kila Kwaresima, "prepare". Jitayarisheni.

Nikiwa nimelala chali, tumbo wazi, utelezi ukinikaukia, nikaelewa kila kitu. Mashine imeona siku yangu. Alhamisi kuna misa kubwa, na ni yangu.

Usinicheke. Wewe umewahi kulala hapo? Madaktari huongea Kiingereza juu ya mgonjwa jinsi wazazi wanavyonong'ona juu ya mtoto, na kile kinachonong'onwa si peremende. Nimeona majirani wakiambiwa mpelekeni mzee nyumbani mkakae naye, na hakuna aliyeuliza akakae naye mpaka lini. Nikajiambia, siku hizi mambo yameendelea, siku hizi wanakupa hadi tarehe.

Na nitasema lililonijia kwanza. Kabla ya woga, kilikuja kiburi. Misa kubwa! Misa kubwa ni ile ya askofu, mapadre safu mbili, ubani mpaka watu wanakohoa. Muuza mrenda wa Rhonda! Kisha woga ukaja, ukakilalia kile kiburi.

"Wamesema nini?" nikamuuliza binti yangu tulipotoka.

"Kitu kidogo tu, Mama. Watakutibu."

Binti huyu akidanganya hushika sikio. Tangu akiwa mdogo, akila sukari, sikio. Siku hiyo alilishika mpaka nikadhani litabaki mkononi.

Jioni nikawa jikoni nachambua mboga. Yeye akatoka nje, akasimama kando ya tangi la maji kumpigia simu kaka yake aliye Eldoret. Ukuta wetu ni wa mabati. Mabati hayana siri.

"Lazima ufike kabla ya Alhamisi," alisema. "Hapana, hajui. Usimwambie. Ukimwambia atakataa."

Nitakataa nini, kufa? Ni nani aliwahi kuulizwa akakubali?

Nikaacha mboga nikaenda kuketi kitandani. Kati ya kitanda changu na cha mjukuu wangu kuna pazia. Upande wa pili alikuwa anasoma kwa sauti, anakariri, anarudia, anakosea, anaanza tena. Nilitega sikio. "Mass of a body," anasema. "The mass of a body." Anameza mate. "Mass of a body."

Misa ya body.

Kwetu msibani wajukuu ndio wanaosoma masomo mbele ya altare. Kumbe amepewa somo! Kumbe mtoto niliyemuogesha mimi, niliyemtafunia nyama kabla hajaota meno, anafanya mazoezi ya kunisomea nikiwa ndani ya sanduku, na mimi niko hapa mita chache kutoka kwake, napumua. Na alikuwa anasoma vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka kumwambia polepole hapo, usikimbize maneno, watu wa nyuma hawatasikia.

Chakula cha jioni kilipoletwa niliwatazama wote wawili wakila. Hakuna aliyenitazama. Nikasema tumbo limejaa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenibembeleza.

Asubuhi nikaenda kanisani kwa miguu. Mtu akipangiwa misa yake angalau aulizwe nyimbo. Katekista wetu ni mzee wa makamo, mpole, mteja wangu wa mrenda. Nilimkuta anafagia ngazi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele. Mama, umeniletea mboga?"

"Leo sina mboga. Nimekuja juu ya misa ya Alhamisi."

"Alhamisi iko ile ya asubuhi tu, ya saa kumi na mbili na nusu."

"Si hiyo. Ile kubwa."

"Kubwa ya nani?"

"Yangu."

Akaegemeza ufagio. "Jubilei?"

"Mazishi."

"Pole sana, mama. Mazishi ya nani?"

"Nimekwambia yangu! Wewe siku hizi husikii?"

Akaketi pale pale kwenye ngazi alipokuwa hajafagia. "Mama, mtu habuki misa yake mwenyewe."

"Sijabuk mimi. Amebuk daktari. Nimekuja tu kukwambia kwaya iwe ya akina mama, sitaki wale vijana na kinanda chao. Na yule mwenyekiti wa jumuiya asipewe maikrofoni, atamaliza siku nzima akijisifu yeye. Na msinifunge kitambaa cha manjano."

"Manjano imekosa nini?"

"Inanifanya nionekane mgonjwa."

Alianza kucheka, na alistahili kucheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaacha. Alinisogezea nafasi kwenye ngazi, nikaketi, tukakaa kama watu wawili wanaongojea mvua ipite.

"Daktari hapangi misa," alisema mwishowe. "Anayepanga ni fadha, na fadha ameenda semina mpaka Ijumaa."

Kumbe hata fadha hayuko! "Basi nani atanizika?"

"Mama. Nenda nyumbani uulize watu wako. Uliza kwa Kiswahili, ujibiwe kwa Kiswahili."

Jioni niliporudi, mjukuu wangu ndiye niliyemkuta kwanza, ametoka shule, ameweka maharagwe jikoni. Nikasimama mlangoni.

"Leta hiyo reading yako nisikie."

"Reading gani, kukhu?"

"Ile ya misa yangu. Ile ya body."

Aliniangalia kama ninaongea na pepo. Kisha macho yakamtoka. "Aki kukhu! Hiyo ni fizikia! Tuko na mtihani!"

Akaniketisha. Akaleta kitabu, akaleta na mwiko, akanifundisha kama mwalimu. Mass, alisema, ni ile maada iko ndani ya kitu, ule wingi wake. Si uzito. Mwalimu alisema Kiswahili chake ni tungamo, lakini hakuna mtu huliita hivyo.

"Uzito unaweza badilika," alisema. "Ukipelekwa mwezini unakuwa mwepesi, unaruka ruka. Lakini mass haibadiliki, kukhu. Uwe hapa, uwe mwezini, mass yako ni ile ile."

"Na body?"

"Body ni kitu chochote. Jiwe ni body. Hii sufuria ni body."

"Sufuria imekufa?"

"Haijakufa. Haikuwa hai!"

"Basi ina misa ya nini?"

Hapo tulianguka. Tulicheka mpaka maharagwe yakafurika yakazima jiko, na sikuona aibu hata kidogo, nilikuwa nimerudishiwa maisha yangu. Nikafuta machozi kwa leso. Nikasema, "Kumbe hata daktari alikuwa ananisomea fizikia."

"Zii, hiyo ya daktari ni mass ingine," akasema, na kabla hajamaliza mkono wake ukaenda mdomoni, vile vile kama wa mama yake kule hospitali.

Jiko lilikuwa linatoa moshi. Hakuna aliyeliangalia.

"Ingine gani?"

"Kukhu, niliambiwa nisiseme."

"Sasa umesema."

Akaangalia chini. "Ni kitu kimemea. Kwa tumbo yako. Wanaiita mass juu bado hawajui ni nini."

Nitakuambia ukweli, afadhali misa. Misa naijua. Naijua inapoanza na inapoisha, najua wapi nasimama na wapi napiga magoti, na hata ikiwa ni yangu, kuna watu wengi na kuna nyimbo. Hii nyingine haikuwa na kitabu. Ilikuwa imeketi ndani yangu miezi mingi, inakula tonge zangu, inageuka nikicheka, na watu waliosoma miaka na miaka walipoiona walikosa jina, wakaipa lile wanalolipa jiwe na sufuria. Mkono wangu ulienda tumboni wenyewe. Nikautoa haraka, kana kwamba nimegusa kichwa cha mtu nisiyemjua gizani.

Binti yangu aliporudi kazini nilimvutia kigoda.

"Keti. Sema yote. Kwa Kiswahili. Neno la Kizungu likikutoka nakuchapa."

Akamtazama mtoto wake, akaelewa. Akavua viatu kwanza, kama mtu anayejiandaa kuvuka mto.

"Ni uvimbe, Mama. Uko kwa kifuko cha mayai. Umekuwa mkubwa. Alhamisi wanakufanyia upasuaji wautoe. Kaka anakuja kutoa damu, ikiwa utahitaji. Wakishautoa watapeleka kipande maabara, waone kama..."

"Kama nini?"

"Kama ni kansa."

Niliangalia mikono yake. Yote miwili ilikuwa juu ya mapaja. Hakushika sikio.

Sasa sikia kwa nini aliogopa kwamba nitakataa. Nilikuwa na rafiki Bondeni, tuligombania mfereji mmoja tukiwa wasichana, tukaolewa mwaka mmoja. Yeye pia alivimba. Walimfungua wakamfunga, na hatukukaa sana tukawa tunaimba nyuma ya sanduku lake. Akina mama wote tulisema jambo moja: ni hewa. Kitu hicho kikiguswa na kisu hewa inaingia, na ikishaingia kinasambaa kama moto wa makapi. Alikuwa anatembea mpaka siku walipomkata. Hayo niliyaona kwa macho, sikuyasoma popote.

"Si hewa, Mama," binti yangu alisema. "Yake ilikuwa imechelewa."

"Na yangu?"

Hakuwa na uongo wa kunipa na hakuwa na ukweli.

Kesho yake, Jumatano, nilingoja watoke. Mmoja kazini, mwingine kwenye mtihani wake. Nikachukua mkoba, rozari, kitenge kimoja, nikaenda stendi. Dada yangu mdogo yuko Gilgil, aliolewa na mwanajeshi, ana nyumba upande ule wa kambi, na kwake hakuna anayejua Kiingereza cha hospitali. Nilijiambia nitakaa huko mpaka Alhamisi ipite. Alhamisi ikipita bila mimi, watafanya nini, wataikata wenyewe?

"Gilgil mathe, Gilgil! Mmoja tu amebaki!" kijana wa stendi alipiga kelele. "Panda twende."

Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari.

"Mathe, uko na mzigo?"

"Niko nao."

"Uko wapi niweke kwa buti?"

Nikaangalia chini. Leso mbili, na chini ya leso lile bonge, limenitangulia kila mahali kama kondoo wa mbele. Na sauti ya mtoto ikanijia, na mwiko mkononi: uwe hapa, uwe mwezini, mass yako ni ile ile.

Na Gilgil si mwezini hata.

Nilisimama hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, na sijawahi kuogopa hivyo maishani. Si mwezi wa vita vya uchaguzi, si usiku mume wangu alipokata roho. Wakati huo wote kulikuwa na mahali pa kukimbilia, hata kama ni chini ya kitanda. Sasa nilikuwa nataka kukimbia, na kile ninachokikimbia kilikuwa ndicho kitakachoketi kwanza.

"Mathe, unaenda ama unapigwa picha?" kijana akaniuliza.

"Nenda na gari lako," nikamwambia. "Mzigo wangu hauingii kwa buti."

Nikarudi kwa miguu mpaka Rhonda. Kijana wangu alikuwa ameshafika kutoka Eldoret, amekaa mlangoni na pamba kwenye mkono alipotolewa damu. Huyu ni mwanamume wa ndevu, lakini tangu chanjo za utotoni akiona sindano anaanguka. Aliniambia alianguka na leo. Tuliingia ndani tukanywa chai, na sikumwambia mtu nilikuwa wapi.

Alhamisi ilifika kama inavyofika, haina haraka na haichelewi. Nilivalishwa gauni la kufunga nyuma ambalo halifungi kitu. Nesi, msichana mwenye pengo, alisimama kando ya kitanda na karatasi zake, akamuuliza mwenzake kwa sauti, "Body weight ya mama ni ngapi?"

Niliinuka nikaketi. "Bado sijawa body!"

Wakashtuka wote. Nikawaambia mkinihesabu, mnihesabu kama mtu. Yule wa pengo akacheka, akanishika mkono, na akabaki ameushika mpaka ndani ya thieta, na kwa hilo nitamwombea maisha yangu yote. Mle ndani kuna baridi ya mochari na mwanga wa jua la saa sita. Watu wote hawana nyuso, wana macho tu. Nilianza Baba Yetu nikajikuta katikati ya Salamu Maria, nikarudi, nikapotea tena. Daktari aliinama juu yangu, nikamtambua kwa nyusi.

"Daktari. Usiache hewa iingie."

Angeweza kunicheka. Macho yake hayakucheka. "Nitafunga madirisha yote, mama," alisema.

Hakukuwa na dirisha hata moja mle. Niliona hivyo wakati dawa inanichukua, na nikaona amenidanganya kwa heshima.

Nilipofumbua macho mdomo ulikuwa majivu. Sikujua niko upande gani wa mambo. Kulikuwa na kitambaa cheupe, chuma kikigongana, mtu anasali ama anahesabu. Halafu lile pengo likatokea juu yangu.

"Misa imekwisha?" nikamuuliza.

Sijui kama ni Mkatoliki. "Imekwisha, mama," akasema. "Lakini wewe huendi mahali."

Hapo ungedhani woga uliisha. Woga ulihama tu, ukatoka tumboni ukaingia kwenye simu. Kipande kilikuwa maabara, na sisi nyumbani tunangoja. Simu ya binti yangu ikilia nilikuwa nashika kovu kwa mikono miwili kana kwamba litafunguka. Nilisikia hewa kila mahali. Upepo ukipiga mabati nilivuta blanketi mpaka shingoni, mchana, jua likiwaka.

Jirani yangu wa viazi alikuja kunitazama. Alikuwa ameleta ndoo ya viazi, akaketi kitandani bila kuambiwa.

"Haya, ulizaa nini?"

"Mass."

"Hilo ni jina la kijana ama la msichana?"

"Bado hawajaniambia."

Alifungua mdomo atupe neno jingine. Lakini aliniangalia, akaufunga, nami sikuwahi kumwona akiufunga. Akatoa kisu, akaanza kumenya viazi vyangu mwenyewe, maganda yakianguka kwenye leso yake. Alimenya ndoo nzima.

Walipotuita, nilivaa nguo za Jumapili. Kitambaa kichwani kilikuwa cheupe. Daktari alikuwa na karatasi, akamgeukia binti yangu, akaanza, na Kiingereza kikaanza kupanda juu, kuruka, kupita.

Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la tatu.

"Daktari. Tumbo ni langu. Niambie mimi, na uniambie kwa Kiswahili."

Alitafuta maneno. Jasho likamtoka kidogo juu ya mdomo. Kijana wa watu, labda hajawahi kulazimika. "Ule uvimbe," akasema, "ulikuwa mkubwa, mama. Lakini... haukuwa ule mbaya. Si kansa. Tumeutoa wote. Umeisha."

"Rudia."

Akarudia.

Sikumtazama yeye. Watu wa hospitali wanaweza kufunga madirisha ambayo hayako. Nilimgeukia binti yangu.

"Wewe umesikia nini?"

"Si kansa, Mama," alisema.

Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mkoba.